Linta au Bimu, Juu ya Mlango Wangu

Mlango wa duka langu ulianza kukwama mvua ndefu zilipoanza. Ulikuwa mlango mpana wa mbao, wa kukunjwa, karibu upana wa duka lenyewe, na asubuhi nilikuwa naufungua wote ili mwanga ufike kwenye cherehani. Sasa ukifika nusu unagoma, kichwa chake kinasugua simiti ya juu. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta katika shamba moja la chai, na nyumbani alikuja Jumamosi. Aliutazama mara moja akasema mbao zimekunywa maji. Akaazima randa, akauranda juu, ukafunga vizuri. Baada ya majuma machache ukakwama tena, akauranda tena. Hatukuona ajabu. Pale kwetu mvua ilinyesha karibu kila alasiri, na hakuna mlango sokoni ambao haukuwa na kisa chake.

Soko lenyewe lilikuwa dogo, juu kidogo ya Kiptere, maduka yamepangana pande mbili za barabara ya udongo na chai imefika hadi nyuma ya vyoo. Nilishona sare za shule na nguo za kanisa. Mbele palikuwa duka, nyuma chumba kimoja tulicholala na watoto wetu wawili. Juu yetu palikuwa na ghorofa, stoo ndefu ya mwenye nyumba. Ilikuwa ndiyo ghorofa pekee sokoni, na mzee alijivunia, ingawa hakuwahi kusema.

Sisi tulikuwa watu wa ng'ambo, wa milima ya Kisii. Miaka hiyo ya mwanzo ya tisini lilikuwa jambo la kukumbuka kila unapofungua kinywa. Uchaguzi ulikuwa umepita, lakini kule mpakani, kati yetu na Wakipsigis wenyeji wa huku, watu walikuwa wamechomewa nyumba, na wengine hawakuwa wamerudi. Hapa kwetu hakuna aliyetugusa. Wateja walikuja, watoto walicheza pamoja. Ila nilikuwa nikiingia posho mili kusaga mahindi, maongezi yananyamaza, halafu yanaanza upya juu ya mambo ya mvua. Ukiishi hivyo mwaka mzima, masikio yako yanajifunza kusikia hata kisichosemwa.

Ndipo akaja mtu mmoja nisiyemjua, na suruali mkononi, akitaka nimtilie kiraka. Nilipokuwa nachagua kitambaa, alirudi nyuma hadi barazani, akatazama juu ya mlango kwa muda mrefu. Akagonga simiti kwa fimbo, hapa, kisha pale, akisikiliza. Halafu akatembea kutoka ukuta huu hadi ule, akinyoosha miguu kwa makusudi, kama mtu anayepima.

"Nyinyi mnalala hapo nyuma?" akaniuliza.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, mama."

Suruali hakurudi kuichukua kesho yake kama alivyosema, wala siku iliyofuata. Nikaitungika ukutani, na kila nilipoiona nikajiambia: huyo alikuja kumpimia mtu mwingine duka langu. Nikaanza kuwafikiria wote ambao wangependa kulipata. Palikuwa na mpwa wa mzee aliyekuwa akiuza viatu chini kwenye udongo, na palikuwa na mwanamke wa saluni aliyekuwa akilalamika kwamba duka lake ni jembamba. Nikaona hata salamu zao zimebadilika.

Mzee mwenyewe alikuja siku hizo hizo. Alikuwa Mkipsigis mrefu, mkimya, aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba. Alikataa kiti.

"Mama," akasema, "iko shida kidogo ya pimu."

Lazima nieleze kwamba kwenye ulimi wake b na p zilikuwa kitu kimoja, kama vile l na r kwenye ulimi wa baba yangu. Alikuwa anasema bimu, lakini wakati ule nilichosikia ni kupima. Nilisikia mtu akikiri mwenyewe kwamba duka langu limepimwa.

"Nani anapima, mzee? Na anapima ya nini?"

"Si kupima. Pimu. Hiyo kitu iko juu ya mlango." Alionyesha kwa kidevu bila kutazama. "Imepasuka. Fundi amesema ni hatari. Nataka mtoke kidogo, itengenezwe."

"Kidogo ni muda gani?"

"Mpaka itengenezwe."

"Na baada ya hapo tunarudi?"

Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Tutaongea," akasema, akaondoka.

Nilipanda juu ya kiti nikaangalia. Kweli palikuwa na ufa katikati, umeanzia chini ya ile simiti na kupanda, mwembamba kama uzi. Nilikuwa nimeona nyufa nene kuliko hiyo kwenye ukuta wa kanisa, na kanisa halikuwa limeambiwa litoke. Kilichonikera zaidi ni kwamba juu ya ghorofa ile ile mzee alikuwa amejaza mbolea ya chai, yake na ya wakulima jirani, iliyoletwa mvua zilipoanza. Gunia hata moja halikuwa limeshushwa. Nyumba gani hiyo inaweza kuua watu lakini haiwezi kuua mbolea?

Jumamosi nilimweleza mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Wanatutoa," akasema. "Wale wengine walitolewa kwa moto. Sisi tunatolewa kwa adabu."

"Ufa upo lakini. Nimeuona."

"Ufa upo kila mahali. Nitaleta mtu wetu auangalie."

Mtu wetu alikuwa fundi wa nyumba kutoka kwetu Kisii, aliyejenga nyumba za wafanyakazi kule shambani. Alikuja na nyundo na patasi, akabandua plasta kidogo juu ya mlango, akapuliza vumbi, akacheka.

"Wamewaambia hii ni bimu?"

"Ndivyo mzee alisema."

"Hii ni linta." Akagonga kwa kifundo cha kidole. "Mama, ukiacha shimo kwa ukuta, la mlango ama la dirisha, yale mawe ya juu yatakaa wapi? Unaweka linta. Inashika mawe ya pale juu ya shimo tu, imemaliza kazi. Ndiyo maana ni nyembamba, na chuma zake ni za kuhesabika. Bimu ni kitu ingine. Bimu inabeba nyumba. Inapokea sakafu ya juu, inapeleka mzigo kwa nguzo, na nguzo inapeleka chini kwa msingi. Bimu ikipasuka, hama leo. Linta ikipasuka, unaweka mbao mbili, unavunja kipande, unamwaga ingine. Kazi ya siku chache, na nyinyi mko ndani mnashona."

Nilihisi kifua kinafunguka, kisha hasira ikaingia palepale. Kwa hiyo mzee alijua tofauti, nikawaza, na ndiyo sababu alichagua neno kubwa. Neno linta lisingetosha kututoa.

Jumatatu nilimfuata mzee kwake, nyuma ya soko, nikamwambia fundi wetu amesema ni linta. Hakujibu juu ya linta.

"Huyo mtu alikuja na futi?" akaniuliza.

"Alikuja na nyundo."

"Nani alimtuma? Ni mtu wa kanjo?"

"Ni fundi tu, mzee, si wa halmashauri. Mtu wetu."

"Mtu wenu," akasema taratibu, na nikaona macho yake yamefungwa kwangu kama mlango. Alimwita fundi wake aliyekuwa akikata mbao uani. Alipogeuka nikamtambua: yule mwenye suruali. Hata haya hakuona. Aliniambia alikuwa ametumwa aangalie bila kutisha watu, na kama suruali imekwisha atakuja kuichukua.

"Sasa ni linta au ni bimu?" nikamuuliza.

"Ni bimu."

"Mwenzako amesema ni linta."

"Mwenzangu alipanda juu? Linta haina kitu juu. Hii iko na sakafu imelala juu yake. Kitu kinabeba sakafu unakiita nini?"

Nilirudi dukani na maneno hayo mawili kichwani. Sikuwa mjinga wa maneno ya kazi. Kwenye ushonaji pia kuna vitu viwili vinavyofanana kwa mteja na havifanani kwa fundi: uzi wa kushikiza na uzi wa kushona. Vyote ni uzi, vyote vinapita kwenye kitambaa, lakini mmoja unashika kwa muda na mwingine unabeba nguo maisha yake yote. Mtu akiniambia mshono wake ni wa namna gani, naifunua nguo ndani nione. Lakini simiti nitaifunua vipi? Fundi mmoja alikuwa mtu wetu, mwingine alikuwa mtu wake, na kila mmoja alisema neno lililomfaa aliyemwita.

Siku chache baadaye walikuja na miti ya blugamu, wakaisimamisha katikati ya mlango wangu, chini ya ule ufa, wakaikaza kwa kabari za mbao. Hawakuniomba ruhusa. Wateja wakawa wanaingia kwa ubavu. Mama mmoja mnene alisimama nje, akatazama miti, akasema atarudi siku nyingine. Nikaona mpango wote wazi: nikikataa kutoka, watanifukuzia wateja.

Mume wangu alipokuja alitaka aing'oe kwa mikono yake. Nilimsihi tumwite kwanza fundi wetu, atoe yeye kwa ustadi, asije mtu akasema tumeharibu nyumba. Fundi wetu alifika akiwa na haraka, akashika mti wa kwanza akautikisa. Haukutikisika. Akagonga kabari kwa nyundo, pole, kisha kwa nguvu zaidi. Haikusogea. Akahamia mti wa pili, na uso wake ukabadilika.

"Waliweka lini?" akauliza.

"Juzi."

"Waliikaza sana?"

"Waligonga kidogo tu. Niliwaona."

Akasimama akitazama juu. Halafu akakusanya vifaa vyake. "Iacheni kwanza," akasema. "Msiiguse."

"Lakini ulisema ni linta!" mume wangu akamwambia.

"Ni linta. Lakini iacheni."

Akaenda zake bila hata kunywa chai. Mume wangu akasema ametishwa, kwamba huenda mzee amemtumia watu njiani. Mimi nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa nimeuona uso wa fundi wetu, na haukuwa uso wa mtu aliyetishwa na watu. Lakini wakati ule kumwamini mtu kulikuwa kazi, na kushuku kulikuja kwenyewe.

Aliyetusogeza kutoka hapo alikuwa mke wa mzee. Watoto wangu walimwita kogo, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mteja wangu wa tangu mwanzo, mwanamke mwenye sauti kubwa na sweta moja ya kijani. Alipita kati ya miti ya blugamu kama mtu anayepita zizini, akaketi.

"Mmeacha kusalimiana na mzee," akasema.

"Yeye ndiye haangalii uso wangu, kogo."

"Anaogopa."

"Anaogopa nini? Mimi?"

Akakunja mikono ya sweta yake. Alisema palikuwa na mtu katika kanisa letu, yule aliyeimba sauti nene kwenye kwaya, ambaye kazi yake katika kiwanda cha chai ilikuwa kuangalia majengo. Yeye si wa mzee wala si wangu. Aje aangalie, na atakachosema ndicho tufuate.

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilijiambia huyo naye ni Mkipsigis, wa upande wa Bomet, na atakosaje kumpendelea mzee? Sikujua kwamba wakati huo huo mzee alikuwa akimwambia mke wake kwamba huyo anajuana na wakubwa wa kanjo, na kumleta ni kujifunga kamba. Kogo alinieleza baadaye, akicheka hadi akashika mbavu.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, bado na suti yake ya kanisani. Tulikuwa wote barazani: mzee, kogo, mimi na mume wangu. Hakuanza na ufa. Alianza na mlango. Alipitisha kidole juu ya mbao.

"Nani aliranda hapa?"

"Mimi," mume wangu akasema. "Mbao zilivimba na mvua."

"Mara moja?"

"Mara mbili."

Akaufungua mlango, akauonyesha. Pembeni mbao zilikuwa na urefu wao wa zamani. Katikati zilikuwa zimeliwa na randa, kwa mkunjo, kama tumbo la kitu kilichokuwa kikishuka. "Mbao zikivimba zinavimba kila mahali," akasema. "Hii si mbao iliyopanda. Ni simiti iliyoshuka. Wewe ulikuwa unaipisha."

Mume wangu akaugusa ule mkunjo kwa kidole. Yule mtu alivua koti la suti, akampa kogo amshikie, akapanda ngazi ya nje akaingia stoo. Tulimsikia akitembea polepole juu yetu, na vumbi likaanguka kwenye bega langu. Alipotoka alisimama kwenye ngazi, hakushuka mara moja.

"Mzee, boriti za hii sakafu zimekaa juu ya nini?"

"Juu ya pimu," mzee akasema.

"Hapana. Hiyo ilimwagwa iwe linta. Fundi wao alisema kweli. Ni nyembamba, na chuma zake ni za linta."

Mume wangu akanitazama, na katika macho yake kulikuwa na ushindi. Lakini yule mtu alikuwa anaendelea.

"Na fundi wako pia alisema kweli, mzee. Ukiniuliza iliumbwa kuwa nini, nitakuambia linta. Ukiniuliza inafanya kazi gani leo, inafanya kazi ya bimu. Imebeba sakafu, na mbolea ya watu wote hawa. Hizo jina si za umbo. Zote mbili ni simiti na chuma, zimelala hivyo hivyo. Jina linatoka kwa mzigo. Linta inajibu ya shimo lake tu. Bimu inajibu ya wengine." Akashuka ngazi moja. "Sasa nauliza. Nyumba hii ilijengwa mara moja? Hii juu ilikuja lini?"

Mzee alivua kofia. Alitazama chai ng'ambo ya barabara. Nyuma ya duka mbuzi wa mtu akakohoa.

"Sema," kogo akamwambia. "Ama niseme mimi?"

"Ilikuwa nyumba ya chini," mzee akasema. "Mabati tu. Hiyo juu nilijenga mwenyewe, baada ya kijana wangu kuoa. Sikuchora ramani. Sikuuliza mtu."

"Na kanjo hawajui," kogo akamalizia. "Tangu amwone mtu na nyundo kwa mlango, halali. Anasema mmemleta mtu wa kumshtaki, wabomoe nyumba yote, halafu watu waseme ni sisi tulifukuza Wakisii, tumelaaniwa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Majuma yote yale nilikuwa nimesoma uso wa mzee na kuona mtu anayeficha njama. Alikuwa anaficha kweli. Lakini alichoficha hakikuwa sisi. Na yeye alikuwa amesoma uso wangu vivyo hivyo, akaona mtu anayejiandaa kumtia mikononi mwa serikali.

"Ungetuambia, mzee," nikasema.

"Ningekuambia nini? Kwamba nimekulaza chini ya kosa langu na watoto?" Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Na wewe ungeniambia nini? Asante?"

Mbolea ilishushwa siku ile ile. Wenye magunia waliitwa, nao wakaja na maswali mengi na mikokoteni. Mume wangu alivua shati akabeba pamoja nao, nadhani kwa sababu ya ule mlango alioranda. Sisi tukahamishia vitu nyumbani kwa mzee, na kogo akaniondolea viti katika sebule yake niweke cherehani karibu na dirisha.

Msidhani basi tulikuwa tumeaminiana. Mume wangu aliniita pembeni akaniambia, "Ukitoka humo hutarudi. Weka kufuli yako." Nikaweka. Kesho yake nilipopita nikakuta pembeni ya kufuli yangu iko kufuli nyingine, mpya, ya mzee. Nikaiacha hapo, naye akaiacha yangu. Kwa hiyo kazi ilipoanza, mafundi hawakuweza kuingia mpaka tuwe tumefika wote wawili, yeye na ufunguo wake na mimi na wangu. Tulisimama asubuhi nyingi barazani kwenye ukungu, kila mtu akifungua chake, tukisalimiana kwa heshima kama watu wa benki. Mzee aliniambia siku moja, bila kugeuka, "Hii kufuli yako ni nzuri. Ulinunua wapi?" Nikamwambia Kericho mjini. Akatikisa kichwa, akasema yake inaingia kutu.

Mafundi wote wawili walifanya kazi pamoja, yule wake na yule wetu, wakibishana mchana kutwa. Ile simiti ya zamani ilipovunjwa, ilianguka vipande kabla hawajaigonga sana. Fundi wetu aliokota kimoja akaniletea. Chuma zilikuwa nyembamba kuliko kidole changu kidogo, na zilikuwa zimepinda.

"Siku ile nilishika ule mti," akaniambia, "niliona umebanwa na nyumba yenyewe. Nikajua iko na mzigo juu. Lakini nilikuwa nimeshasema linta mbele ya bwana yako, nikaona haya."

Walijenga nguzo pande zote mbili za mlango, kuanzia chini kabisa kwenye msingi, kisha wakafunga chuma za bimu mpya, nene, zimeshikwa na pete za chuma kote. Kabla ya kumwaga simiti, mzee alikuja sebuleni nilikokuwa nikishona.

"Uje uone," akasema. "Ikimwagwa hutaona tena. Usije ukasema nilificha."

Nilienda. Ilikuwa inanyesha manyunyu, na yule mtu wa kiwanda alikuwepo pia, akivuta chuma moja moja kwa mkono. Alituambia tuivute sisi pia. Mzee akaivuta. Mimi nikaivuta. Mume wangu hakuwepo, na nilipomsimulia Jumamosi alisema chuma anaweza kuweka na akatoa baada ya mimi kuondoka. Nikamwambia nilibaki mpaka simiti ikafunika yote, viatu vyangu vimejaa matope, na ndiyo ilikuwa kweli.

Habari ya kanjo mzee aliimaliza mwenyewe. Alienda kwao na yule mtu wa kiwanda, akaambiwa achore ramani ya kile alichokwisha kujenga, akaichora. Juu akaambiwa asiweke mizigo tena, na akatii, akawa anatundika mahindi ya mbegu tu.

Tulirudi dukani mvua zikiwa zimepungua. Asubuhi nilifungua mlango mpya, uliotengenezwa kutoshea kati ya nguzo, ukaenda laini mpaka mwisho. Nikapanga vitambaa, nikaweka mafuta kwenye cherehani, nikangoja. Watu walikuja, lakini walisimama nje. Habari zilikuwa zimeenea kila upande, na kila aliyezisimulia alikuwa ameongeza zake: nyumba imeanguka, nyumba ina laana, nyumba imezikiwa kitu chini ya nguzo. Wanawake waliniletea vitambaa wakanipimisha barazani, kwenye jua, wakitazama juu kwa jicho la pembeni. Mmoja alinyoosha mkono kutoka nje ili nimpe chenji. Wiki nzima hakuna aliyevuka kizingiti, na usiku watoto wangu wenyewe waliuliza kama nyumba itaanguka.

Ndipo kogo alipokuja na chupa ya chai, sufu yake na sindano za kufumia. Alivuta kiti, akakiweka chini ya bimu kabisa, katikati ya mlango, akaketi hapo akafuma. Kila aliyepita alimsalimia kwa sauti, na kama alitaka kuzungumza alimwambia aingie, yeye hapigi kelele kwa watu walio barabarani. Kesho yake akaja tena. Siku ya soko alikuwa ameshakaa kabla sijafungua cherehani, akilalamika juu ya mguu wake, juu ya wakwe, juu ya chai yangu kuwa na maji mengi.

Ilipofika saa nne, yule mama mnene aliyesema atarudi siku nyingine alisimama nje. Alimtazama kogo. Alitazama juu. Kogo hakuinua kichwa kutoka kwenye sufu yake.

"Ingia ama toka," akasema. "Unanizibia mwanga."

Yule mama akaingia, na kitambaa cha sketi mkononi, akauliza kama naweza kuimaliza kabla ya Jumapili.